Lugha ya Wagalatia

Nilipostaafu ualimu wa jiografia, kanisa letu la Kiganjo, hapa Thika, lilinipa kazi ya kuongoza somo la Biblia kila Jumatano alasiri. Tulipofika Waraka kwa Wagalatia, nilichora ramani nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, nikaibandika ukutani.

"Galatia haikuwa mji," niliwaambia. "Ilikuwa nyanda za juu, katikati ya nchi tunayoiita Uturuki leo. Nchi kavu ya kondoo, yenye baridi kali. Na Wagalatia hawakuwa wenyeji. Walitoka Ulaya, mfalme mmoja akawavusha bahari ili wampiganie vita. Vita vilipoisha, hawakurudi kwao."

Mama mmoja aliyeketi karibu na mlango akainua mkono. Alikuwa Mkamba, alikuja Thika akiwa msichana kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Mwaka mzima sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya amina.

"Mwalimu, na lugha yao?"

"Waliiongea miaka mia kadhaa, wakiwa wamezungukwa na Kigiriki. Mwishowe ikafa."

"Nani aliiongea mwisho?"

"Hakuna anayejua, mama."

Nikaendelea na mstari uliofuata.

Jumatano ya pili zamu ya kuomba ilimfikia. Sisi huomba kwa Kikuyu, au kwa Kiswahili kukiwa na wageni. Yeye alisimama akaomba kwa Kikamba, kwa muda mrefu, bila kuharakisha. Neno pekee nililolishika ni Ngai, maana hata sisi Wakikuyu tunamwita Mungu hivyo.

Alipomaliza, mzee mmoja wa kanisa akanung'unika, "Sasa tutaitikia amina kwa kitu hatujaelewa?"

"Mimi nimeitikia sala zenu miaka thelathini," mama akajibu, akaketi.

Nilifungua kitabu, ingawa sikukumbuka tulikuwa sura gani.

Baada ya somo nilimsindikiza hadi langoni. Aliniambia wajukuu wake wa Ruiru humjibu kwa Sheng, lugha ya vijana wa mjini, hata salamu.

"Nimewaambia kwangu Jumapili ni Kikamba tu. Anayetaka chapati aombe kwa Kikamba."

"Wakasemaje?"

"Walicheka. Lakini walikula."

Tulimaliza waraka ule kabla ya mvua kuanza. Mpaka leo mama huomba kwa lugha yake kila zamu ikimfikia. Yule mzee naye huitikia amina, akiwa wa mwisho baada ya wengine wote.