Akori, mlango nilioufunga mimi

Nimekosa. Sitafuti mtu wa kunitetea, na jina langu sitaliandika, maana wapo watu hapa Goma wanaonisalimu kwa heshima nisiyostahili. Nilimfukuza mwanamke asiye na hatia, tena kwa neno la Mungu. Ndiyo, mimi!

Ilikuwa wakati wa Zaïre, majina ya ubatizo yalipokatazwa na serikali. Kwenye kitambulisho hukuwa tena Rebeka wala Marta. Sisi kina mama tuliotoka milima ya Masisi tukafanya ukaidi wetu wa kimyakimya: majina tuliyonyang'anywa tukayapa mashamba na mifugo. Jirani yangu alikuwa na ng'ombe aitwaye Sara, na Sara huyo alikuwa na mateke!

Mimi nilikuwa nimesoma kidogo shule ya Biblia pamoja na mume wangu, kwa hiyo nilijua maana za majina ya Kiebrania. Kila mama alikuja kwangu kutafutiwa jina. Nilivimba kichwa, sikatai. Hata chumba chetu cha maombi, kibanda cha mbao juu ya mawe meusi ya volkano, nilikiita mimi: Akori. Nabii Hosea alisema bonde la Akori litakuwa mlango wa tumaini.

Kisha surua ikaingia mtaani. Watoto wakaanza kufa. Bahati, mwanangu wa pekee, naye akashikwa. Tulifunga, tulilia, hakuna kilichobadilika. Asubuhi moja baada ya maombi, mama mmoja akaniuliza:

— Mama Bahati, hii Akori maana yake ni nini? Mbona mulango haifunguke?

Hapo ndipo nilipoharibu. Akori ni taabu. Ningesema hivyo tu, na kwamba Mungu ndiye anayeigeuza kuwa tumaini. Lakini nilikuwa na mtoto anayekufa, na nilitaka awepo mtu wa kubeba lawama. Nikawasimulia bonde lile lilivyopata jina siku za Yoshua: Akani aliiba joho zuri la Babeli akalificha hemani mwake, taifa zima likapigwa, mpaka alipotolewa nje akauawa kwa mawe. Nikasema mlango haufunguki Akani akiwa ndani.

— Basi Akani ni nani kati yetu?

Macho yangu yakamwendea Furaha. Alikuwa mjane, na ndiye rafiki yangu wa karibu kuliko wote. Mtoto wake mchanga alikuwa mgongoni, amelala, mzima kabisa. Nilimwonea wivu kwa ajili ya huyo mtoto! Sikumtaja. Nilimtazama tu, na wenzangu wakafuata macho yangu.

Wakaenda kwake wakafungua sanduku lake. Ndani kulikuwa na kitenge kipya, chenye maua ya rangi ya dhahabu, hakijashonwa bado. Weee, kelele zilizopigwa! Joho la Babeli limepatikana!

— Ni bwana yangu alinitumiaka mbele afe, Furaha akalia. Muulize Mama Bahati! Tulienda naye Kiwanja kukipokea. Dada, waambie!

Kweli tulienda naye huo mji wa Kiwanja. Mume wake alikuwa dereva wa lori njia ya Rutshuru. Kitenge kilitangulia, habari za ajali zikafuata. Nilikishika kwa mikono yangu hii, tukacheka tukichagua mshono. Baada ya msiba hakupata moyo wa kukivaa.

Nikasema:

— Miye sijue.

Wakamtoa. Hatukumpiga mawe, na eti baadaye tulijisifu kwa hilo! Mvua ilikuwa inanyesha, na hakuna mama wa Masisi aliyemfungulia mlango. Alishuka hadi Kituku, soko la samaki kando ya ziwa, akajibanza kwenye kibanda cha wauza samaki. Surua ikamfuata mtoto wake huko huko. Hakuna hata mmoja wetu aliyempelekea uji.

Bahati wangu akafa juma lile lile. Mlango gani!

Baada ya mazishi nikayasoma maneno ya nabii Hosea tena, safari hii kuanzia juu. Mungu wangu! Pale hakuna jiwe, wala msako wa mwizi. Yupo mwanamke mwenye makosa ya kweli, amefika jangwani hana kitu, na Mungu anamfuata huko aongee naye kwa upole, amrudishie mashamba yake. Kumbe ahadi ile ilikuwa ya mtu kama Furaha, na sisi tulimtoa nje tukabaki na kibanda.

Nikashuka Kituku kuomba msamaha. Nilimkuta anapara samaki wa watu, mgongoni hana mtoto. Macho yangu yakatafuta kitenge, naye akaona.

— Kile nilimufungiaka mutoto, wakamuzika nacho.

Nikapiga magoti kwenye yale magamba. Hakunitukana. Heri angenitukana! Aliniuliza tu, taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli:

— Mama Bahati, na mulango ilifunguka?

Akarudi kupara samaki. Baadaye alipanda boti ya Bukavu, sikumwona tena. Nimemwulizia kwa kila anayetoka huko, wapi!

Ninyi mnaosimama mbele za watu na kufafanua maana za majina, muogopeni Mungu. Na wewe unayejua ukweli wa mwenzako, useme siku ile ile anapouhitaji, kwa sababu mimi niliusema baadaye kwa wenzangu wote wa Akori na haukumfufua yeyote. Rafiki yako akiliita jina lako mbele ya watu, itika.