Ubani wa Bibi

Juzi kwenye simu nilimwona mwimbaji wa jazi wa Norway, sasa kizee aliyejaa shanga, akisimulia maisha yake. Nilimtambua kwa ile sauti.

Alikuja kwetu Rahaleo, Mtwara, mchana mmoja nilipokuwa mtoto, mgeni wa mwalimu jirani yetu. Uani kulinuka moshi wa korosho. Bibi akamwambia, "Tuimbie basi wimbo wa kwenu." Mgeni akafumba macho, akatikisa kichwa, akaanza: shubi-dubi, daa, bila neno hata moja. Nilijificha nyuma ya bibi nikidhani mgeni anakufa.

"Huyu kapandisha shetani," bibi alisema. "Kalete chetezo, mjukuu wangu."

Akamfukiza ubani mpaka akakohoa na kunyamaza. Sote tukashusha pumzi.

Siku hizi najua kwamba huo ndio uimbaji wao, na watu hulipa kiingilio kuusikia. Yeye hajajua kitu mpaka leo. Kwenye simu alisema kwa majivuno kuwa wanawake wa Mtwara waliibariki sauti yake kwa moshi mtakatifu, na tangu hapo hapandi jukwaani bila kuwasha ubani.

Akawasha, akaimba. Nilivumilia mpaka mwisho. Kosa la bibi lilikuwa moja tu: alitia ubani kidogo.