Kishikwambi Kisichojua Kula

Baba yangu, Mwalimu Magige, tuliyemzika mwezi uliopita hapa Nyanungu, alifundisha darasa la pili kwa miaka thelathini. Vidole vyake vilikuwa vinene mno kwa kishikwambi cha shule: akibonyeza herufi moja, zinatoka tatu. Basi akawa anakisemesha, nacho kinaandika maneno yake, na projekta inayaonyesha ukutani.

Siku moja alikuja afisa elimu kukagua matumizi ya vishikwambi. Mwalimu aliyeshindwa kukitumia alinyang'anywa, na baba alikipenda sana kile kifaa.

Akakisogeza mdomoni. Alitaka kusema mtoto anapenda kula, lakini ulimi wake, kama wa Wakurya wengi, uligeuza kila L kuwa R. Ukutani yakatokea maneno: "Mtoto anapenda kura."

"Mwalimu, mtoto hapigi kura," akasema Boke wa dawati la mbele.

"Nimesema kura, mama, siyo kura."

Darasa zima likacheka. Afisa, Mkurya wa Nyamongo, hakucheka.

"Rete hapa, mwarimu. Wewe unakiharakisha."

Akakisemesha polepole, kama anayesoma Injili kanisani. "Mtoto. Anapenda. Kura."

Kura ikatokea tena ukutani. Afisa akaitazama, kisha akafunga faili lake.

"Mwarimu, wewe huna kosa. Hiki ndicho kisichojua Kiswahiri. Kibaki hapa ukifundishe."

Baba alikifundisha kwa uvumilivu mpaka Bwana alipomwita. Mungu ampumzishe, kishikwambi bado hakijui kula.