Ng'ombe wa Kabula Ndani ya Kompyuta

Sisi tuliochunga ng'ombe kabla ya kujua kuandika majina yetu tuna shida moja: tunajua mambo mengi ambayo hayana mahali pa kuwekwa. Mimi nilisoma hadi darasa la tatu, huko Kasoli, nikaacha kwa sababu ndama walikuwa wengi na mwalimu alikuwa na wanafunzi wa kutosha. Sisemi kwa uchungu. Ndivyo ilivyokuwa.

Enzi hizo mvua ikikatika, mbuga inapasuka nyufa ambazo mguu wa mtoto unazama hadi goti. Tulifunga michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, kwenye pindo la shuka, tukatafuna tangu asubuhi, tukanywa maji ya lambo pamoja na ng'ombe, wao upande huu na sisi upande huu huu. Mtoto wa siku hizi ukimpa maji ya bomba anauliza kama yamechemshwa. Tulifinyanga ng'ombe wa udongo mweusi, pembe tukawawekea miiba ya migunga, tukaoana kwa mahari ya ng'ombe hao, na mvua ikinyesha utajiri wote unakuwa tope. Fundi alikuwa mdogo wangu, Kabula. Ng'ombe wake walikuwa na nundu kabisa. Wangu walifanana na viatu.

Baba hakuhesabu ng'ombe. Kwetu ilikuwa mwiko. Kumnyooshea ng'ombe kidole na kutaja namba ni kumwita fisi. Jioni alisimama langoni pa zizi, akauliza swali moja tu: "Nani hajarudi?" Hapo unatakiwa useme: yule mwekundu mwenye baka jeupe tumboni, mtoto wa yule mweusi aliyevunjika pembe. Ukijibu "amepungua mmoja," siku hiyo hupati maziwa. Kabula hakukosa maziwa hata mara moja. Mimi nilikosa, sitaki kuwadanganya.

Kiangazi kimoja kibaya, ng'ombe wetu alikwama kwenye tope la lambo akafa, akaacha ndama jike wa kijivu. Kabula, ambaye meno ya mbele yalikuwa ndiyo yanang'oka, alimlea kwa uji wa mtama aliopewa anywe yeye. Baba akaona mtoto anakonda na ndama ananenepa. Akasema mbele yetu wawili: "Basi huyo ni wako, na watakaozaliwa naye." Hakuna karatasi, hakuna shahidi mwingine, na baba amekufa zamani.

Sasa shida ilianzia hapo. Kabula aliolewa, akafiwa na mume, akarudi Kasoli. Muda wote huo uzao wa yule wa kijivu uliongezeka ndani ya zizi la ukoo. Juzi juzi watoto wa marehemu kaka yetu wakataka zizi ligawanywe. Mkubwa wao, Sitta, akasema kwenye kikao, "Sengi ana ng'ombe gani hapa? Mtoto wa kike alipewa lini ng'ombe?" Sengi ndiyo shangazi kwa Kisukuma chetu. Wakanigeukia mimi. Nikanyoosha fimbo kwa ng'ombe mmoja, nikasema huyo ni wa Kabula.

Kabula akanivuta shati. "Kaka, huyo si wangu. Huyo ametokana na ng'ombe wa mahari yangu aliopewa baba yao, ni wa nyumba ya akina Sitta."

Vijana wakacheka. Siku hiyo ndipo nilipojua kichwa changu kimeanza kuvuja. Wakatupa muda hadi pamba ivunwe: nisipoonyesha ng'ombe wa Kabula ni wepi na wametokana na nani, zizi litagawanywa bila yeye.

Mimi sasa nakaa Bariadi mjini kwa mwanangu. Mkamwana wangu, Zainabu, anauza dawa za mifugo, na bidhaa zake zote ameziandika kwenye kompyuta. Akaniambia, "Baba, tuwaandike kwenye Excel." Huyu ni binti wa wenye maduka, hakukulia zizini, lakini heshima ya ukwe anaijua kuliko binti zetu wenyewe. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawabanani bega kwa bega. Basi mimi nilikaa mbele ya kompyuta, yeye akakaa kwenye kigoda kando ya mlango, akawa ananielekeza kwa njiti ndefu ya ufagio. Nikigusa kile kipanya, mshale unakimbia kama ndama aliyefunguliwa kamba.

Nikaona visanduku vitupu, vingi, kama shamba lililopimwa na bwana shamba. Pembeni kushoto, namba zinashuka zenyewe. Nikaondoa mkono.

"Mbona inahesabu? Hatujaweka hata ng'ombe mmoja."

"Inahesabu mistari, Baba, si ng'ombe."

"Leo mistari. Kesho je?"

Akanielekeza pa kubonyeza, namba zikafichika, tukaendelea.

Wiki nzima niliandika kwa kidole kimoja. Nilianza na yule wa kijivu, pembeni yake binti yake, pembeni yake mjukuu, mstari ukaenda kulia mpaka kioo kikaisha. Zainabu akarudi kutoka dukani, akatazama.

"Baba, umeweka ukoo mzima kwenye mstari mmoja. Kompyuta inadhani huyu ni ng'ombe mmoja."

"Basi haijui ng'ombe."

"Haijui. Ndiyo maana unaifundisha. Mstari mmoja, ng'ombe mmoja."

"Nimtenge ndama na mama yake?"

"Humtengi. Safu hii andika jina lake. Safu hii, jina la mama yake. Hii ya tatu, ni wa nyumba gani."

Nilikataa hadi chai ikapoa. Halafu nikakumbuka kwamba hata langoni pa zizi ng'ombe hawakuingia kiukoo. Waliingia mmoja mmoja, na kila mmoja tulimtaja na mama yake. Tukafuta wiki nzima, nikaanza upya. Wenye rangi moja nikawaongezea alama: baka la goti, sikio lililochanika.

Wakabaki wanne ambao mama zao sikuwakumbuka. Niwaambie ukweli, nilitaka kuandika "wa kijivu" kote nimpe Kabula wote. Nani angejua? Zainabu aliniona nimesita. Akatazama nje, akasema taratibu, "Baba, usichokijua kiache wazi. Kilicho wazi kinaulizika. Ukikijaza, hakuna atakayeuliza tena."

Nikamwita Kabula. Akaja na furushi la viazi, akakaa, nikawa namsomea.

"Huyo si wangu, ni wa akina Sitta. Huyo naye si wangu. Wa tatu si wangu, acha tamaa, kaka. Huyo wa mwisho, ndiyo."

Zainabu akanionyesha pa kuchuja. Nikachagua nyumba ya Kabula, wengine wote wakatoweka.

Kabula akashtuka. "Wengine mmewapeleka wapi?"

"Wapo, shangazi. Wamejificha tu."

Pamba ilipovunwa tukachapisha orodha pale steshenari, tukaenda Kasoli. Sitta aliisoma kwa sauti, ng'ombe na mama yake, hadi kwa yule wa kijivu. Alipofika kwa wale watatu akarudia kuwasoma, maana aliona tumewaandika kwenye nyumba yao, na kwao hakuna aliyekuwa amewadai. Akakunja karatasi. "Sawa. Wa sengi watengwe."

Akaingia zizini kuwatenga mwenyewe. Huyu amemaliza kidato cha nne. Akaikunjua karatasi, akatazama ng'ombe, akatazama tena karatasi.

"Sengi," akasema, "mwenye baka la goti ni yupi kati ya hawa?"

"He! Umekuja kugawa ng'ombe usiowajua?"

Watu wakacheka, na Sitta mwenyewe akacheka. Kabula akafunga khanga kiunoni, akaingia, akaanza kumtajia mmoja baada ya mwingine, na kijana akamfuata nyuma na karatasi yake.

Zamani ulimjua ng'ombe kwanza, ndipo akawa wako. Leo anakuwa wako kwanza, kumjua ni ukipata nafasi. Kompyuta siilaumu, imefanya kazi iliyonishinda mimi. Ila mimi na Kabula tunakwenda. Tukishaondoka orodha itabaki, na kila neno lililomo ni kweli, lakini zizini wanaojua linamhusu ng'ombe yupi wamebaki wachache, na mmoja wao ameanza kujifunza juzi.