Kivumbasi Ndani ya Mzinga

Shangazi, anayeishi Jinja, alikubali jambo moja kabla ya kukata miti ya shamba letu la Budondo ili apande miwa: mstari wa miti ambako nyuki wa baba mdogo wanachukua gundi ungebaki. Gundi hiyo ndiyo nyuki huzibia nyufa za mzinga, nyeusi, yenye harufu ya uvumba. Baba mdogo alikuwa na mizinga sita katikati ya mistari miwili, mmoja wa mifenesi, mwingine wa mikaratusi, na alisema bila gundi nyuki watahama. Mstari upi, hakuwa na hakika. Alibahatisha mifenesi, kwa sababu utomvu wake hautoki mkononi mpaka upake mafuta. Shangazi akasema hiyo si sababu. Wote wawili wakanigeukia mimi, kwa kuwa nafanya kazi katika maabara ya sekondari moja ya Mbale na funguo za kabati la hadubini ziko kwangu.

Nilifurahi kuulizwa. Hilo nalikumbuka kwa aibu.

Nyuki anapokwangua gundi kwenye jani, huondoka pia na vipande vya ngozi ya jani na vinyweleo vyake, na vinyweleo vya mmea mmoja si vya mwingine. Niliyeyusha kipande cha gundi katika spiriti, nikachuja, nikaweka masalia kwenye kioo. Kisha nikapaka rangi ya kucha chini ya majani. Ikikauka unaibandua, na sura ya ngozi ya jani inabaki juu yake. Nilikuwa na majani ya mifenesi, ya mikaratusi, na ya kila kichaka cha karibu, kila moja katika bahasha yenye tarehe.

Majuma matatu yakapita hivyo, maabara baada ya vipindi, kisha chumbani kwangu Malukhu nikichora. Gundi ilijaa vinyweleo vifupi vyenye kichwa cha mviringo kama pini. Vya mfenesi havikufanana navyo. Jani la mkaratusi lilikuwa laini, halina kitu. Bahasha ya kumi na moja ilikuwa ya kivumbasi, kichaka chenye harufu kali, na vinyweleo vikalingana kabisa. Nilipiga picha kwa simu kupitia jicho la hadubini, nikaichora mshale mwekundu, na bila kumuuliza mtu nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: Nyuki wanachukua kwenye kivumbasi.

Shangazi alijibu kabla sijaosha vioo. “Alhamdulillahi. Kivumbasi tutakipanda kando ya choo. Miti ikatwe yote.”

Baba mdogo akapiga simu, anacheka.

“Mwanangu, hicho kivumbasi ni mimi.”

“Wewe vipi?”

“Nikitaka nyuki waingie mzinga mpya, nausugua ndani na kivumbasi. Wanafuata harufu. Si kila mtu anafanya hivyo?”

“Baba, mbona hukusema?”

“Uliniuliza miti. Kivumbasi ni mti?”

Nilipomsomea jibu la shangazi, kicheko kilikatika.

Nikampigia shangazi. Nilimwomba muda nikwangue gundi ya mlangoni mwa mzinga, mahali pasiposuguliwa, nipime upya.

“Leo kivumbasi, kesho mchicha?” akasema. “Watu wa msumeno wanatoka Buwenge asubuhi. Miwa inangoja mvua, haingoji hadubini.”

Sikuweza kumlaumu. Alikuwa amengoja majuma matatu.

Nilipata ruhusa kazini siku ya Jumamosi tu. Nilipofika, mistari yote miwili ilikuwa chini. Baba mdogo alikuwa ameketi juu ya gogo, akanionyesha kwa kidevu. Visiki vya mikaratusi vilikuwa vimetoa utomvu mwekundu, na nyuki wamejaa juu yake, wanaubandika kwenye miguu ya nyuma. Kwenye visiki vya mifenesi hapakuwa na hata mmoja.

“Sasa andika,” akasema.

Hata hapo sikuweza. Mti uliokatwa hutoa utomvu ambao mti mzima huenda hautoi. Na kama kweli ni mkaratusi, jani lake halina kinyweleo cha kuacha kwenye gundi. Hadubini yangu isingeuona hata ningeanza vizuri. Majuma matatu nilikuwa nikitafuta alama ambayo mti huo hauna.

Nikampigia tena shangazi.

“Visiki vya mikaratusi vising'olewe. Vitachipua.”

“Una hakika ndiko wanakochukua?”

“Sina, shangazi.”

 Nyuma yake nilisikia mtu akiuliza trekta ianzie wapi Jumatatu.

“Kwenye mifenesi,” akamjibu. Kisha akaniambia mimi: “Nakupa mpaka imalize upande huo.”

Baba mdogo alikuwa amesikia yote. Hakuniuliza nitafanya nini. Alikwenda kutafuta kamba ya kufungia mizinga, aihamishe.