Siku Niliyomtangaza Etete Kuwa Marehemu

Jamani, kuna aibu zinazopoa, mtu akaja kuzisimulia anakunywa chai na kucheka, lakini hii yangu haijapoa, mpaka leo nikipita Matonge nikakutana na mama wa Kihabeshi aliyejifunga shuka lake jeupe, masikio yananiwaka moto na ninaanza kusoma vioo vya maduka kama mtu anayetafuta saluni. Naisimulia kwa sababu nusu yenu mmeshaisikia kwa watu walioitia chumvi (eti niliagiza na jeneza, hakukuwa na jeneza), kwa hiyo bora mwipate kwa mwenyewe.

Kwa wasionijua, mimi ni Eli, mtu wa Moshi, na hapa Brussels ninatengeneza mabango kwenye duka la uchapaji la Papa Célestin, mzee wa Lubumbashi, pale pale Matonge, mtaa wa Waafrika. Harusi, makanisa, matamasha, saluni mpya, yote tunachapa sisi. Nakaa ghorofani, juu ya mgahawa wa mama mmoja wa Addis Ababa aitwaye Zenebech, ila hakuna anayemwita hivyo, watu wote wanamwita Etete, ambayo kwao ni kama kusema mama kwa heshima na mapenzi. Mwezi wangu wa kwanza pale nilishikwa na homa, nikawa nashuka ngazi nimeshika ukuta, akatokea mlangoni akaniuliza kwa Kifaransa chake cha vipande vipande, «Wewe wa juu, nani anakupikia?» Nikasema hakuna. Jioni nikasikia anapanda, na ngazi zetu mnazijua zilivyo wima, amebeba mchuzi wa kuku na mkate wao ule laini wenye vitundu, akakaa kwenye kiti changu cha pekee akanitazama mpaka nikamaliza. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wake.

Sasa, mgahawa wa Etete ukiingia huoni rangi ya ukuta. Ni mabango matupu. Bikira Maria mwenye macho makubwa, mkimbiaji amejitanda bendera baada ya kushinda mbio, maporomoko ya maji, mtoto mnene mwenye mashavu (si wa mtu yeyote, ni mtoto tu wa bango), na meza iliyojaa matunda ambayo sijawahi kuona yakiliwa na yeyote humo ndani. Na kioo cha mbele kimejaa waimbaji na sherehe za mwaka mpya wao, ule wa Septemba. Niliwahi kumuuliza binti yake, Hirut, mbona nyumba yenu inasema sana ukutani, akacheka akaniambia kwao Addis ndivyo ilivyo, mtoto akihitimu chuo picha yake inakuzwa inatundikwa, watu wakioana wanatundikwa, mtu akipotea yuko ukutani, mtu akifa yuko ukutani, ukitaka kujua habari za mtaa wako unatembea tu ukisoma kuta. Mimi kama mtu wa mabango nilifurahi sana kusikia hivyo. Ningekuwa na akili ningeogopa.

Basi mwaka jana Etete akafanyiwa operesheni ya nyonga. Mgahawa ukafungwa, Hirut akawa analala hospitalini, na madaktari waliposema mama atatoka Jumamosi, Hirut akaja dukani anakimbia, akaniletea picha ya mama yake na jina lake ameliandika kwa mkono kwenye karatasi, akaniachia funguo za mgahawa akasema, «Eli, nataka watu waje Jumamosi mchana wampokee, maneno ya Kiamhari nitakutumia kwa simu, tengeneza kitu kizuri, mama anapenda mabango.» Nikamwambia hilo niachie mimi, na bure.

Ijumaa asubuhi maneno yakafika. Nikayahamishia kwenye kompyuta, yakatokea masanduku matupu, safu nzima ya visanduku, kwa sababu mashine yetu haikuwa na herufi za Kihabeshi. Mtu mwenye busara angempigia Hirut simu. Mimi nikasema nisimsumbue, yuko na mgonjwa, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo, maana nilikumbuka kwamba kwenye kazi za zamani za duka kuna bango la Wahabeshi lililotengenezwa na kibarua nikiwa likizo, maandishi yake yameingizwa kama picha. Nikalifungua. Zuri ajabu. Picha ya mzee mmoja katikati, maua ya zambarau pembeni, njiwa mweupe juu, mshumaa chini, na mistari ya maandishi ambayo kwangu mimi ilifanana kabisa na ile ya Hirut (kwangu mimi herufi zao zote ni watu wadogo waliosimama wamenyoosha mkono). Nikajiambia mzee huyu naye bila shaka alikuwa ametoka hospitali. Njiwa ni amani, mshumaa ni shukrani. Nikamtoa mzee nikamweka Etete, nikabandika jina lake kwa mwandiko wa Hirut, nikabadilisha mahali, siku na saa, ambavyo kwa bahati mbaya viliandikwa kwa herufi ninazozisoma.

Papa Célestin alipita nyuma yangu na miwani yake juu ya paji la uso.

«Eli, unajua kusoma hii mambo?»

«Hapana, Papa, lakini ndiyo maneno yao ya kukaribisha watu.»

«Nani alikuambia?»

«Inaonekana tu.»

«Bon,» akasema, «ni weye munajua. Lakini miye ningeuliza.»

Sikuuliza. Hirut nikamwandikia kwamba bango limekamilika, na sikumtumia picha kwa sababu nilitaka naye ashangae (alishangaa). Akajibu, «Asante, nakuamini.» Nikachapa moja kubwa la kuweka mgahawani juu ya kiti cha Etete, na madogo nikatembea nayo mwenyewe, moja mlangoni pa mgahawa, moja duka lao la viungo, moja kwenye lango la kanisa lao. Yule dada wa duka la viungo alilipokea akaliangalia, akashika mdomo, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nikajiambia, ona jinsi kazi nzuri inavyogusa watu.

Mtaniuliza, kwa nini hakuna hata mmoja aliyempigia Hirut simu. Hilo nililielewa baadaye. Kwa Wahabeshi mfiwa haulizwi msiba kwa simu wala haambiwi kwa simu, ni utovu wa adabu, mtu anaendewa kwa miguu, anakaliwa karibu, mnalia naye pamoja. Kwa hiyo bango lilipigwa picha, likatumwa kutoka rafiki kwenda rafiki, mpaka nje ya Brussels, na kila aliyelipata alinyamaza akatafuta nguo nyeusi.

Jumamosi nikavaa shati langu la manjano. Nikapuliza maputo, nikayafunga kwenye viti, nikatafuta muziki wao wa kucheza mabega nikauwasha. Watu wakaanza kuingia. Wanaume suti nyeusi, akina mama mashuka meupe, pindo la rangi limepandishwa juu karibu na uso badala ya kuning'inia chini, nikaona loo, leo wamevaa rasmi. Mama mmoja akaingia akaliona bango kubwa, akajipiga kifua akalia kwa sauti. Nikasema furaha hiyo. Nikampelekea juisi. Mzee mmoja, Gashe Tesfaye, ambaye huwa anacheza karata pale kila Jumapili, alisimama mlangoni akiyatazama maputo kwa muda mrefu, nami nikamwendea nikampa mkono nikamwambia kwa Kifaransa, «Hongera, mzee, tumefika siku hii.» Akanitazama usoni kama mtu anayetafuta kichaa changu kimekaa upande gani. Kisha akaenda taratibu akazima muziki. Na mimi, Mungu anisamehe, nikauwasha tena.

Ni Papa Célestin aliyeniokoa, alikuja na mke wake Maman Béa, na Maman Béa alipovuka tu kizingiti akafunga kanga kiunoni na kuketi sakafuni na wale mama. Papa akanivuta shati.

«Eli, njo hapa. Ni nani alikufa?»

«Hakuna aliyekufa, Papa. Ni mapokezi.»

«Mutoto wangu, miye nimezika bantu wengi. Hapa ni matanga. Ficha ile ballons.»

Nikageuka nikaliangalia bango langu. Njiwa. Mshumaa. Maua ya zambarau. Na Etete katikati anatabasamu. Badala ya kusema ukweli pale pale, nikaanza kupasua maputo kimya kimya, na puto halipasuki kimya kimya, kila moja likilia pah, akina mama wanashtuka na kulia zaidi.

Wakati huo huo akaingia mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, ila nilimtambua kwa paji la uso na kidevu, uso wa Etete kabisa, mdogo kidogo. Watu wakampisha. Gashe Tesfaye akaninong'oneza kwamba ni Aster, mdogo wake Etete, anaishi Antwerp, hawajazungumza tangu mama yao afariki, kwa sababu Etete alikwenda kuzika na Aster hakwenda, hakuwa na karatasi za kumruhusu kurudi huku, na Etete akamwambia maneno ambayo ndugu haambiwi. Aster hakulia kama wengine. Alikwenda mpaka kwenye kile kiti kitupu chini ya bango, akapiga magoti, akaweka kichwa mahali Etete anapokaaga, akawa anazungumza. Sikujua anasema nini. Akina mama waliokuwa wakipiga kelele wakasogea wakamwachia nafasi.

Teksi ikasimama nje.

Nilikimbilia mlangoni, nilitaka niwazuie, niseme gesi imevuja, niseme lolote, lakini Etete na magongo yake hazuiliki. Aliingia, Hirut nyuma yake na mfuko wa dawa. Mama mmoja akadondosha sufuria ya kahawa, mwingine akafanya ishara ya msalaba haraka haraka, Gashe Tesfaye akakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti (hakikuwepo). Hirut akalisoma bango akafunika uso kwa mikono. Etete naye akalisoma, polepole, kwa sauti, mstari kwa mstari mpaka jina lake. Kisha akauliza kwa Kifaransa, ili aelewe anayepaswa kuelewa:

«Hii kazi ni ya nani?»

Watu wote wakamgeukia mtu wa shati la manjano, mwenye kamba za maputo mkononi. Nilitamani ardhi ya Ulaya yote ipasuke inimeze. Nikasema, «Ni mimi, Etete. Nilidhani inasema karibu nyumbani.»

«Inasema nimekwenda nyumbani,» akasema. «Ulikaribia kulipata.»

Hakuna aliyecheka. Maana Aster alikuwa ameshainuka kutoka pale kwenye kiti, amesimama, shuka limemwanguka begani, hajui asogee mbele au akimbie. Walitazamana. Hirut alinitafsiria baadaye, nami nawapa kama alivyonipa.

Etete alisema, «Umekuja.»

«Nimekuja kukuzika.»

«Na huko nyuma, nikiwa mzima, njia ilikuwa imefungwa?»

Aster akasema, «Ulinifungia wewe.»

Nilidhani atamjibu vibaya, na hata Hirut alisogea. Lakini Etete akasema, «Ndiyo. Nilikufungia mimi,» kisha akasema miguu inamuuma, mtu amshike. Watu kumi wangeweza kumshika. Hakuna aliyesogea, mpaka Aster akasogea. Akamketisha, akampangia mto, na Etete bila kumtazama akamwambia, «Basi kabla hujanizika tengeneza kahawa, hawa wamemwaga.» Aster akaenda jikoni akachoma kahawa huku akilia, harufu ikajaa chumba, na wale waliokuja kulia walikula chakula cha msiba walichokuja nacho, wakisema kimetosha kwa vyote viwili, msiba na mapokezi.

Mimi nilishafika nusu ya ngazi za kwenda kujificha Etete aliponiita. Nikashuka. Akanishika kidevu kama mtoto. «Eli, watu hawa nimewalisha miaka, sikujua nani ananipenda na nani anapenda chakula. Leo nimeona.» Halafu akanipiga kofi dogo la shavu, si la mzaha sana. «Lakini Gashe Tesfaye ana moyo mbovu. Ungemuua kweli, bango jingine ungelipata wapi?»

Aster alikaa kwa dada yake majuma kadhaa, wakagombana juu ya pilipili na juu ya nani mama yao alimpenda zaidi, akarudi Antwerp, na siku hizi huja. Sitawadanganya kwamba kila kitu kilikwisha, Hirut anasema bado kuna chumba kimoja cha mazungumzo wasichokiingia. Lile bango la kanisani nilikwenda kulibandua mwenyewe kesho yake, watu wakitoka misa, na padri alinitazama mpaka nikamaliza kukunja karatasi.

Msiniambie basi kwamba aibu yangu ilizaa matunda. Nimeambiwa sana hilo, na hao wanaoniambia hawakuwepo nikimpa hongera mfiwa. Fundisho langu ni dogo tu: usichokijua, uliza, hata kama anayejua ana shughuli, hata kama utaonekana mjinga, maana ujinga wa kuuliza ni wa dakika moja. Nami nimeapa, na Papa Célestin ni shahidi, kwamba neno nisiloweza kulisoma halitoki tena kwenye mashine yangu mpaka mwenye lugha yake aje asimame mbele yangu, alisome kwa sauti, na aniambie waziwazi kama huyo mtu yu hai.