Somo la Kujichanganya na Watu

Ukurasa ule wa kitabu cha Kiingereza cha kidato cha pili nimeukariri, na siku hizi nikiufungua natamani kuuchana. "Blend in." "Fit in." "Keep your head down." "Fly under the radar." Misemo ya kujichanganya na watu hadi mtu asikuone. Nimeifundisha miaka tisa katika shule moja ya kutwa upande wa Konoin, kwa Wakipsigis, na kila mwaka nimeisifu mbele ya watoto kama muuza dawa sokoni. Nawaambia Waingereza wameiweka mingi kwa sababu jambo lenyewe ni adabu, mtu asijitokeze mno ugenini. Upuuzi mtupu. Nilikuwa najisifu mwenyewe.

Maana bingwa wa misemo hiyo ni mimi. Wazazi wangu walitoka upande wa Kisii wakaja kuchuma chai Kericho, nami nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba, zile tunazoziita laini. Kipsigis nilijifunza kwa watoto wa jirani kabla sijang'oka meno ya utoto, na hata leo nikiwasalimu "chamgei" hakuna anayegeuza shingo. Uchaguzi ulipokaribia, mama alitukataza kuongea lugha ya nyumbani tukivuka mlango. Alikuwa anatulinda, simlaumu. Lakini mama aliirudia lugha yake kura zilipokwisha kuhesabiwa na mambo yakatulia. Mimi sikuirudia. Nilipoajiriwa nilijitambulisha kwa majina mawili ya kanisani, na lile la tatu, la babu yangu, ambalo lingetaja kwetu mara moja, nikalikata likabaki herufi moja na nukta. Mwalimu mwenzangu aliwahi kuniuliza herufi hiyo ni ya nini. Nikamwambia ni makosa ya karani. Babu mzima, makosa ya karani!

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Mimi nilifumba yote mawili. Kwenye sherehe za wenzangu nimekunywa mursik, maziwa yao ya mgando ya kibuyuni, kikombe baada ya kikombe, ilhali tumbo langu halipatani na maziwa hata ya chai, kisha nikaenda kutapika nyuma ya nyumba na kurudi nikiwashukuru "kongoi" huku nafuta mdomo. Hakuna aliyenilazimisha. Ningesema ukweli, wenyeji wangu wangecheka na kunipa soda.

Mahali pekee nilipojiachia kidogo palikuwa sokoni Boito. Kila Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajajaa, nilinunua mboga za managu kwa mama mmoja aliyekuwa amehamia karibuni kutoka kwetu Kisii. Siku ya kwanza nilimsikia akijisemea kwa lugha yetu huku akipanga mafungu, nikainama nikamsalimu chinichini, "Bwakire." Alishtuka, akacheka hadi akashika kiuno. Tangu hapo akaniita mwanangu, na kila nikinunua fungu moja aliniongezea jingine. Tulinong'ona habari za mvua na za nyumbani. Mtu akitokea, nilinyoosha mgongo na kuuliza bei kwa Kiswahili, naye alidhani ni mzaha wetu wawili.

Binti yake alikuwa darasani kwangu. Lafudhi ya kwao ilisikika katika kila alichosema, na hakujali hata chembe. Siku ya ukurasa ule aliinua mkono.

"Mwalimu, sasa hiyo kublend in si ni kujificha tu?"

Darasa likacheka. Nikamjibu kwamba ni kuheshimu wenyeji. Akaandika nilivyosema.

Wiki iliyofuata mvulana mmoja wa darasa hilo alimwita "madoadoa". Huku neno hilo si mchezo. Huitwa hivyo watu wanaoonekana wameingia mahali si pao, na wazazi wetu wanajua neno hilo likishasemwa ni nini hufuata: nyumba huchomwa, watu hufukuzwa. Msichana akamzaba kofi. Mama yake akaitwa shuleni.

Aliingia chumba cha walimu saa ya chai, viatu vimejaa tope, leso safi kichwani. Tulikuwa walimu watano mezani. Naibu wa mwalimu mkuu akaanza kumweleza makosa ya bintiye, lakini mama akainua mikono.

"Mimi Kiswahili kidogo, mwalimu."

"Kuna mtu hapa anajua lugha yao?" naibu akatuuliza.

Nilikuwa na chai mdomoni. Niliishikilia humo humo, ya moto, ikanichoma ulimi. Mama aliniona. Nilijua ameniona kwa sababu uso wake ulifunguka, akasubiri, kisha taratibu ukafungika. Hakuninyooshea kidole. Alinistahi kuliko nilivyostahili, na mpaka leo nikikumbuka natamani kujitemea mate.

Basi binti mwenyewe akaambiwa atafsiri. Akasimama kati ya mama yake na meza yetu, akayatafsiri mashtaka yake mwenyewe: kwamba ni mkorofi, kwamba hana heshima, kwamba atakaa nyumbani wiki mbili. Hakupunguza hata moja. Mama akauliza, yule kijana alikuwa amekukosea nini? Binti akamwambia ni utani tu wa watoto. Neno lenyewe alimficha mama yake. Katika chumba kile chote, mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba amelificha, na peke yangu ningeweza kulisema ili mama ajue mwanawe hakupiga mtu bure. Nikameza chai.

"Huyu ajifunze kublend in," naibu akasema, akinigeukia. "Si ndiyo, mwalimu wa English?"

"Ndiyo," nikasema.

Jumamosi nilikwenda Boito saa nne, soko limefurika. Nilikuwa nimeamua. Nikasimama mbele ya mafungu ya managu, nikamsalimu kwa lugha yetu kwa sauti ya darasani, nikaendelea kwa lugha hiyo hiyo, nikamwomba msamaha yeye na bintiye. Muuza nyanya wa pembeni, mzazi katika shule yetu, akaacha kupanga nyanya akanitazama. Na watazame, nikasema moyoni.

Mama alikuwa akinyunyizia mboga maji. Hakuinua kichwa.

"Hiyo lugha mimi sijui, mwalimu," akasema kwa Kiswahili. "Unataka fungu ngapi?"

Nikasema moja. Akanifungia moja.